Matone Matatu ya Maziwa

Hana mwanangu,

Ni saa nane mchana, Ijumaa. Nimekaa chumbani kwetu juu, na chini sufuria la Sabato limeshatulia kwenye moto mdogo. Wewe unaondoka Jumapili asubuhi kwenda kuanza maisha yako Leeds. Mzazi mwingine angekuandikia kesho jioni, mizigo ikiwa tayari mlangoni, lakini unajua kwamba kwetu kalamu haishikwi kuanzia mishumaa ya leo hadi nyota za kesho. Kwa hiyo muda wangu ni mpaka jua lifike kwenye mabati ya gereji ya jirani. Likifika hapo nitaacha, hata kama nitakuwa katikati ya sentensi.

Mambo ya kila siku sikuandikii. Baba yako ameshakubandikia karatasi ndani ya kifuniko cha sanduku: jinsi ya kujiandikisha kwa daktari, kadi ya treni, namna ya kuzima gesi. Koti unalo. Mimi naandika kwa sababu ya Jumanne.

Jumanne tulikuwa jikoni tunafunga vyombo vyako. Nilikuwa nimekununulia seti mbili, za mishikio myekundu kwa nyama na za mishikio ya bluu kwa maziwa, kama hizi zetu. Ulishika kikaango cha bluu muda mrefu kuliko kinavyohitaji kushikwa. Kisha ukaniambia kwamba kwenye sherehe ya rafiki yako kule Peckham ulikula baga ya nyama na jibini, na kwamba haikuwa mara ya kwanza. Ulisema kwa Kiingereza, kama unavyofanya neno likiwa zito. Ukasema, "Mama, nimeshavunja. Siwezi kushika nusu nusu, huo ni unafiki. Bora niache yote."

Nami nikajibu, "Basi acha yote." Nikalibeba boksi la vyombo, nikalipeleka kibandani bustanini, nikafunga kitasa. Tangu siku hiyo tunapishana kwenye ngazi kama wapangaji wawili. Samahani, asante, bafu liko wazi.

Sikuandikii ili uyarudishe maneno yako. Nataka kukusimulia siku ambayo mimi mwenyewe niliacha yote, kwa sababu hujawahi kuisikia nzima. Mama mkwe wangu, Bibi Rosa wako, alikuwa anakusimulia ile nusu ya kuchekesha.

Baba yako alinishauri niandike Kiingereza, eti utasoma haraka. Sitaki usome haraka. Tena makosa yangu nayafahamu kwa Kiswahili tu. Ukikwama kwenye neno, nipigie uniulize.

Unajua nilisoma Korogwe. Usichojua ni jinsi nilivyosoma. Nilikuwa yule msichana ambaye madaftari yake yamevalishwa magazeti, mistari imepigwa kwa rula, na mwalimu akisahau kutoa kazi ya nyumbani anamkumbusha. Wenzangu walitamani kunipiga. Mwalimu wetu wa sayansikimu akisema chumvi kijiko kimoja, mimi nilikisawazisha kwa kisu. Nyumbani mama yangu alinicheka, kwa sababu yeye alipima kila kitu kwa kiganja. Kwake hakikutupwa kitu. Kiporo cha ugali kilikaangwa asubuhi, ukoko wa wali tuliugombea, maganda yalikwenda kwa mbuzi. Na mimi, mtoto niliyefundishwa vizuri, niliyatazama hayo yote nikayaita umaskini. Nilijiambia kwamba nikisoma sana nitafika mahali ambapo watu hawali viporo.

Nikafika. Nilikuja London kusomea uuguzi, na friji la hosteli yetu likaharibika, akaja fundi. Fundi huyo ndiye baba yako. Nilipoamua kuingia katika dini yake ya Kiyahudi nilijifunza miaka miwili, na nilinunua daftari jipya. Nilikuwa na furaha kweli, Hana. Nilikuwa mwanafunzi tena. Kanuni zote nikaziandika, nyama na maziwa, saa za kusubiri kati ya kimoja na kingine, mboga za kukaguliwa wadudu kwenye mwanga. Siku moja mwalimu pale sinagogi alitufundisha amri inayoitwa bal tashhit, yaani usiharibu. Alisema tangu kale watu wetu walikatazwa kukata mti wa matunda hata wakiwa wameuzingira mji wa adui, na wanazuoni wakaipanua amri hiyo ikagusa nguo, mafuta, mkate, kila kitu kinachomfaa mtu. Niliiandika kwa mstari mmoja, katikati ya mingine, wala sikuipigia mstari chini. Nilidhani ni habari ya vita na mashoka.

Kisha ikaja baridi yetu ya kwanza katika nyumba hii ya Ilford. Tuliwaalika watu wanane kwa chakula cha Ijumaa, Bibi Rosa pamoja na watu wa sinagogi. Wageni wangu wa kwanza. Tangu asubuhi nilikuwa napika maharage ya Sabato, na nyama ya ng'ombe, shayiri, viazi na vitunguu, ndani ya lile sufuria kubwa ambalo Bibi alinipa siku ya harusi. Lilikuwa la mama yake. Nyumba ilikuwa ya baridi, mikono imekufa ganzi, nami nikatamani chai ya kwetu. Si chai ya kumwagia tone la maziwa kama wanavyokunywa hapa, bali ya kuchemsha maziwa yenyewe na majani na tangawizi. Nikaibandika jiko la pembeni.

Nilikuwa nimefunua sufuria la nyama niongeze viazi, kengele ya mlango ikalia, nikageuka. Unajua maziwa yakiachwa. Yalipanda, yakafoka, na nilipogeuka tena, mbele ya macho yangu matone yakaruka yakaingia kwenye maharage. Niliyahesabu. Matatu.

Niliyemkuta mlangoni alikuwa amekosea nyumba. Nikarudi, nikafungua daftari. Limeandikwa, nyama na maziwa havichanganywi. Basi. Hakuna kingine chini yake. Ningeweza kumpigia rabi, namba yake ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Ningeweza kumpigia Bibi. Lakini nilikuwa bibi arusi mgeni, mweusi, wa kutoka mbali, na nilijua kwamba usiku ule macho mengi yangechungulia sufuria langu. Kuuliza kungeonyesha kwamba sijui. Nikashika sufuria kwa mataulo mawili, nikalipeleka nje, nikamwaga chakula cha watu wanane kwenye pipa. Halafu nikaona hata sufuria limeharibika, nikalitupa nalo. Nikafunika. Naona aibu kukuambia kwamba nilijisikia vizuri. Nilijisikia kama mtu aliyepata alama zote kwenye karatasi ya mtihani.

Bibi Rosa alifika mapema kuliko wengine, amebeba mikate miwili ya kusuka. Unakumbuka alivyokuwa akimwita kila mtu mpenzi. Dereva wa basi mpenzi, muuza nyama mpenzi, daktari wa macho mpenzi. Akauliza, mpenzi, mbona jikoni hakunukii? Nikamsimulia yote, nikiwa nimesimama wima, nasubiri kusifiwa.

"Matone mangapi?" akauliza.

"Matatu."

"Kwenye sufuria la watu wanane."

"Ndiyo, mama."

"Ukamuuliza nani?"

Nikamwonyesha daftari.

Hakusema mpenzi. Aliweka mikate mezani, akatoka nje na viatu vyake vya sinagogi, nikamwona dirishani akifunua pipa. Chakula hakikuwa cha kuokoa tena, kilikuwa kimechanganyika na majani ya chai na vumbi la sakafu. Akaingiza mkono akalitoa sufuria, maharage yamegandia ubavuni, akarudi nalo amelikumbatia kwenye koti lake.

"Kuna hesabu ya moja kwa sitini," akaniambia. "Kitu kikidondokea kwa bahati mbaya, na hakifiki sehemu moja ya sitini, chakula ni halali, kinaliwa. Rabi angekujibu kabla chai yako haijapoa. Walikatazwa kukata mti wa matunda vitani. Wewe umeukata jikoni kwako, na hakuna aliyekuvamia."

Tulikula mkate, mayai, samaki wa kopo na matango ya siki. Wageni walikuwa na adabu mno, jambo lililonichoma zaidi. Baba yako alisimulia visa vya mafriji ya watu, jinsi anavyomjua mtu kwa kutazama droo ya chini ya mboga, wakacheka. Bibi alikula kidogo, akaomba chumvi mara moja. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuwahi kukusimulia. Kwako alikuwa anafika kwenye maziwa kufoka, anapiga makofi, anaishia hapo. Nadhani alikuwa ananisitiri.

Sufuria alilichukua, akaondoka nalo. Niliamini sitaliona tena.

Jumapili alikuja nalo limesuguliwa linang'aa. Alikuwa ameshamuuliza rabi kila kitu. Akalibandika jikoni kwangu, akakaa, akanieleza lilikotoka. Kwamba walikuwa watoto saba katika vyumba viwili kule mashariki ya mji, na ngazi moja ilihudumia nyumba sita, na kila Ijumaa mama yake alipika kwa sufuria hilo, na kabla watoto wake hawajala, bakuli la kwanza lilipanda ghorofa ya juu kwa mwanamke aliyefiwa na mume. Yeye Rosa ndiye alikuwa analipeleka. Wakati mwingine njaa ilimshika kwenye ngazi, akachota maharage mawili matatu kwa kidole. Akaniambia sufuria lile limewahi kuwa na chakula kidogo sana, limewahi kuwa na maji na vitunguu peke yake, lakini kumwagwa halikuwahi.

Nililia. Yeye hakulia. Aliomba daftari langu na kalamu. Nikadhani atasahihisha ule ukurasa wa nyama na maziwa. Akafungua jalada, na ndani ya jalada, juu ya kanuni zote, akaandika maneno mawili kwa mwandiko wake wa kulala: uliza kwanza. Akanirudishia. Akasema, "Haya, mpenzi, tuna nini kwenye friji?"

Jumapili ile ndiyo iliyozaa Alhamisi zetu za kukagua friji kabla ya Sabato, zile ulizozikuta ulipozaliwa. Tulikuwa tunafungua friji, yeye anaita kila kilichomo kama mwalimu anayeita mahudhurio. Nusu kitunguu. Yupo. Karoti mbili zilizosinyaa. Wapo. Mifupa ya kuku, mkia wa samaki, kisahani cha wali. Mifupa ikaenda kwenye supu, mkate mkavu ukasagwa ukawa wa kukaangia samaki, majani ya figili nikamfundisha mimi kuyapika kama mchicha. Hapo ndipo nilipoona kwamba nimeruka bahari nzima kukimbia viporo vya mama yangu, nikavikuta Ilford vimekaa kwenye kiti vikinisubiri. Nilimpigia mama Korogwe, nikamweleza kuhusu bal tashhit, jinsi ilivyo amri ya dini, ya kale, yenye vitabu na vitabu vya wanazuoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hiyo ni dini? Mimi nilidhani ni akili." Bibi Rosa alipotafsiriwa maneno hayo alitaka apewe simu. Hawakuelewana hata neno, wakaongea robo saa.

Lakini mwanafunzi hodari hubadilisha kosa haraka kuliko tabia. Niliacha kutupa, nikaanza kulimbikiza. Hutakumbuka, ulikuwa na miaka minne au mitano, friza letu lilijaa makopo yasiyo na jina hadi halifungi, na wewe ukaliita makaburi. Nikamlisha baba yako wali uliokwisha kuchacha, kwa jina la kutoharibu, akakaa siku mbili hatoki chooni. Bibi alikuja kumwona mgonjwa, akafungua friza, akatazama, akafunga. Akaniambia nimehama kutoka kumwaga hadi kuzika, na kwamba kuilinda afya ya mtu nako ni amri, tena inatangulia. Kilichobaki nijifunze kilikuwa kigumu kuliko vyote, yaani kupika kidogo. Mimi nilikulia mahali ambapo mgeni akimaliza sufuria mwenyeji anaona aibu. Ilinichukua miaka kuhesabu vichwa kwanza kabla ya kupima mchele, na kupeleka bakuli kwa jirani siku ile ile chakula kikiwa bado kitamu, badala ya siku ya tatu kikiwa kinanielemea. Yule mama wa Kisingasinga wa nyumba ya pili alilirudisha bakuli la kwanza na dengu. Mpaka leo sijui ni nani mwenye zamu.

Nimekusimulia haya yote kwa sababu ya neno lako la Jumanne, na zaidi kwa sababu ya jibu langu.

Nilikuwa na miaka ishirini na zaidi ya kujifunza, Hana. Maneno mawili yameandikwa ndani ya jalada la daftari langu. Na wewe uliponifunulia jambo lako, jambo ambalo lazima ulilibeba kwa miezi, sikuuliza hata swali moja. Sikuuliza ilikuwaje. Sikuuliza ulijisikiaje, au ni tangu lini unaogopa kuniambia. Niliona tone, nikashika sufuria, nikaenda nje. Ulinitazama dirishani nikifunga kibanda. Niliona uso wako kwenye kioo, na nikamkumbuka Bibi Rosa siku ile, nilipomtazama mimi dirishani: yeye alikuwa anaokoa, mimi nilikuwa natupa.

Sisemi kwamba ile baga ni tone. Hesabu yake siijui, na kuihesabu si kazi yangu. Ni mambo yako, utayapima mwenyewe, na ukitaka mtu wa kupima naye nipo. Ninachosema ni kwamba ndani yako mna vingi. Miezi ile ya mwisho ya Bibi, ulikuwa unatoka shule moja kwa moja hadi kwake na chupa ya supu, unamnywesha kijiko kwa kijiko, unamwitia majina ya vilivyomo ili acheke: karoti, yupo, kitunguu, yupo. Ulipokuwa kidato cha pili uliwasumbua wapishi wa shule kwa sababu ya mikate waliyokuwa wanaitupa kila Ijumaa, mpaka wakakuruhusu uibebe kwenye mabegi mawili upeleke pale wanapogawa chakula. Huwezi kuona kichwa cha mkate kwenye pipa ukapita. Hayo nayo ni yetu. Nani aliyekuambia kwamba yanatoka pamoja na yale mengine? Uliposema yote, ulimaanisha na hayo?

Ulijiita mnafiki. Mtu anayeshika baadhi ya mambo mimi simwoni mnafiki. Namwona mtu ambaye bado yuko jikoni, sufuria lake halijaiva.

Leo asubuhi ulipokuwa bafuni nilifungua kibanda nikalitoa boksi. Liko mlangoni pa chumba chako. Nimelifuta vumbi. Chukua yote, chukua kikaango kimoja, au liache hapo hapo na mimi nitalirudisha kabatini bila neno. Sufuria la Bibi sikupi. Nyumba yenu kule Leeds ni ya watu wanne na jiko lenu, nililiona kwenye picha, haliwezi kulibeba. Litabaki hapa, na Ijumaa yoyote utakayokuja utalikuta limebandikwa. Huna haja ya kuja na jibu. Sitakuuliza umekula nini huko. Nitakuuliza kama umekula.

Na ukiniona nimeanza tena, nikasimama wima na kile kiburi changu cha mwanafunzi wa kwanza darasani, nikumbushe ndani ya jalada kumeandikwa nini. Nakupa ruhusa hiyo, na si wazazi wengi wa Korogwe wanaoitoa.

Nilitaka kukuandikia na mengine, lakini jua limeshashuka kwenye mabati. Nasikia baba yako anatafuta kiberiti mahali ambapo hakijawahi kuwekwa. Mishumaa ni baada ya dakika ishirini. Nasikia na wewe uko jikoni, unasafisha meza, droo ya visu inafunguliwa na kufungwa.

Sasa hivi umeita kutoka chini ya ngazi. Umeita kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Mama, kuna nusu kitunguu hapa. Nitupe?"

Usitupe, mwanangu. Nashuka.

Mama